Muulize Sista: Mbona nesi wa sukari Ulaya hahamishwi, mimi kila mara narudishwa leba?

Barua za wiki hii zimejaa kapu, na karibu zote ni za sukari. Nimechagua nne. Ya kwanza imenikalisha mpaka usiku wa manane, kwa hiyo hao wengine nikiwajibu kwa kifupi msininunie.

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni nesi kwenye kituo cha afya huku Mbagala, nina miaka sita kazini. Mwaka juzi nilipelekwa kozi fupi ya kisukari, nikarudi na moto kwelikweli, nikawekwa kliniki ya sukari kila Jumanne, wagonjwa wakanizoea mpaka wengine namba yangu wanayo. Miezi minne tu nikahamishiwa leba, afu nikarudishwa, afu chanjo, sa hivi niko leba tena. Sasa dada yangu yuko Leicester, Uingereza, ana sukari, ananiambia kule ana nesi ambaye kazi yake ni kisukari tu, yeye ndo anambadilishia dozi, yeye ndo anampigia simu, na ni huyohuyo mwaka wa saba huu. Nikamuuliza hao wenzetu walipataje hiyo nafasi, hajui. Nasikia manesi wa sukari wana umoja wao Ulaya nzima na wanafika mpaka bungeni. Ni kweli? Na sisi tunaanzia wapi?
*Nesi wa Jumanne, Mbagala*

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeitaja Leicester nikacheka peke yangu, maana umegonga palepale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na daktari mmoja mama pale Leicester, Joan Walker, aliona wagonjwa wake wa sukari wanafundishwa kliniki vizuri wakifika nyumbani kila kitu kinapotea, akaajiri manesi wa kuwafuata majumbani. Hapakuwa na sheria wala mradi, mama wa watu aliona tu sindano ya insulini inachomwa jikoni, haichomwi ofisini kwa daktari, basi anayetakiwa kujua jiko la mgonjwa likoje ni nesi. Kwa hiyo huyo nesi wa dada yako ana bibi zake kazini, hakuota kama uyoga.

Halafu Wajerumani. Kule Düsseldorf kulikuwa na profesa Michael Berger, yeye na wenzake wakasema mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, yule ambaye mwili wake hautengenezi insulini, afundishwe siku tano mfululizo, ahesabu wanga kwenye sahani yake, apige hesabu ya insulini mwenyewe, ale anachotaka. Waingereza wakaichukua hiyo, wakaijaribu, majibu yakatoka 2002 na yalikuwa mazuri. Na wanaofundisha hizo siku tano ni manesi na watu wa lishe. Siku tano! Mimi nilikuwa nafundisha insulini dakika saba huku mtu mwingine anagonga mlango. (Kuhesabu wanga kwenye chapati ya Manzese ambayo kila mpishi ana saizi yake, hiyo nayo ni kazi, ila inawezekana, nimeona mtoto wa darasa la sita anaifanya kuliko baba yake.)

Sasa kuhusu umoja, ni kweli upo. Unaitwa FEND, ni umoja wa manesi wa kisukari wa Ulaya, ulianza 1995. Ila ili uelewe kwa nini ulipata pa kusimamia inabidi urudi nyuma kidogo, Oktoba 1989, kwenye mji mdogo wa Italia unaitwa Saint-Vincent. Walikaa watu wa serikali za Ulaya, madaktari, na vyama vya wagonjwa wenyewe, chini ya Shirika la Afya Duniani na shirikisho la kimataifa la kisukari, wakaandika malengo ya miaka 5. Hawakuandika "tutaboresha huduma", hayo maneno hata mimi nayaandika nikiwa nimelala. Waliandika tupunguze upofu mpya unaoletwa na sukari kwa theluthi, figo kufa kwa theluthi, kukatwa miguu kwa nusu, na mama mjamzito mwenye sukari azae salama karibu sawa na mwenzake asiye nayo.

Miaka 5 ikapita na malengo hayakufikiwa kote, tusidanganyane. Ila namba zikishaandikwa zina tabia moja, mtu yeyote anaweza kukuuliza umefika wapi. Na manesi wakaona pale ndo pa kuingilia, maana ukitazama ile orodha, mguu nani anauangalia kila wiki? Mjamzito nani anakaa naye akilia kwamba sukari haishuki? Anayemkumbusha mzee kwenda kupimwa macho ni nani? Ni nesi. Lakini kwenye meza ya kupanga hakuwepo.

Walichofanya mi nakipenda sana kwa sababu ni akili ya kisokoni kabisa. Madaktari na watafiti wa kisukari Ulaya wana chama chao tangu 1965, kinaitwa EASD, na kila mwaka wana mkutano mkubwa mno, maelfu ya watu, kila mwaka mji mwingine. Manesi wakaweka mkutano wao mji huohuo, siku zinazotangulia ule wa madaktari. Yaani umefunga meza yako mlangoni mwa duka kubwa, kila anayeingia lazima akupite. Profesa akishafika mapema akakuta ukumbi umejaa manesi wanaonyeshana utafiti wao wenyewe, mwaka unaofuata anakuja kuzungumza, mwaka wa tatu anakuuliza mnaonaje.

Hawakuishia kwenye mikutano. Wakatengeneza masomo ya pamoja na vyuo vikuu, nesi wa nchi moja na nesi wa nchi nyingine wasome kitu kimoja kuhusu kisukari, na hapo wakaanza kupata uwezo wa kusema "huu ni utaalamu" na sio "huyu amezoea zoea kliniki ya sukari". Pia 2005 wakishirikiana na tawi la Ulaya la lile shirikisho la kimataifa wakatoa ripoti ya kulinganisha nchi moja moja, nani ana mpango wa taifa wa kisukari na nani hana, na zilizokuwa hazina zilikuwa nyingi tu. Wakarudia tena 2008. Hakuna waziri anayependa kuona nchi yake iko kwenye safu ya "hana" halafu jirani yake yuko kwenye safu ya "anao", hiyo ni Ulaya na Afrika sawasawa.

Na bungeni ni kweli wamefika, pamoja na vyama vya wagonjwa na madaktari. Bunge la Ulaya lilitoa tamko la kisukari 2006, azimio 2012, na jingine Novemba 2022. Ila usije ukadhani azimio la bunge lile linamlazimisha mtu. Kuendesha hospitali ni mamlaka ya kila nchi yenyewe, Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, haiwezi kumwambia Mgiriki aajiri manesi wangapi. Ndo maana mpaka leo mambo hayafanani. Uingereza tangu 2006 nesi aliyesomea ziada anaweza kuandika dawa karibu zote mwenyewe, Uholanzi nesi anaendesha kliniki ya sukari kwa daktari wa familia, lakini kuna nchi za Ulaya hukohuko nesi hawezi kugusa dozi bila sahihi ya daktari, na nesi wa sukari hatambuliki kama cheo, ni nesi tu aliyepangwa pale kama ulivyopangwa wewe. Na kuhamishwa wanahamishwa. Kwa hiyo huyo wa dada yako ni matunda ya watu waliosumbua miaka mingi, na wanaendelea kusumbua kwa sababu bajeti ikibana wa kwanza kuguswa ni wao.

Sasa tunaanzia wapi. Kwanza nikwambie kitu ambacho vijana wengi hamkijui, kwenye mguu Dar haikusubiri kufundishwa tu. Dk. Zulfiqarali Abbas wa hapahapa Dar, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alianzisha pamoja na wenzake kina Karel Bakker wa Uholanzi mpango wa mguu wa kisukari, Tanzania na India, na utamu wake ni kwamba kutoka kila kituo alichukuliwa daktari pamoja na nesi, wakafundishwa pamoja, wakarudi pamoja. Ukimfundisha daktari peke yake, nesi anaona ni mambo ya daktari. Ukimfundisha nesi peke yake, anarudi halafu daktari anamwambia hayo ya semina tuachie semina. Wakiwa wawili hakuna wa kumkatisha mwenzake tamaa. Ule mpango ukaenda nchi nyingine nyingi baadaye. Umetokea hapa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako, usianze kwa kulilia cheo. Anza na daftari. Andika kila Jumanne waliokuja wangapi, waliovuliwa viatu wakaangaliwa miguu wangapi, waliokutwa na kidonda au ganzi wangapi, waliokatwa. Halafu, na hapa ndo penyewe, andika na zile Jumanne ambazo haukuwepo. Miezi sita tu. Ukienda kwa metroni useme "naomba nisihamishwe, naipenda kliniki ya sukari", atakwambia na leba nani ataipenda, na ana haki, wanawake hawasubiri. Ila ukimwekea daftari mezani likionyesha Jumanne ulizokuwepo miguu arobaini imeangaliwa na Jumanne usizokuwepo imeangaliwa miwili, hapo unaongea lugha ya Saint-Vincent. Na usiombe kliniki yote, omba siku. "Nipangeni leba, wodi, popote, ila Jumanne asubuhi ni yangu." Inchaji yeyote mwenye akili anaweza kuipanga hiyo kwenye rosta bila kuongezewa mtu hata mmoja. Ombi hilo liandike kwa barua, na daktari wa kliniki naye aisaini, msiende mmoja mmoja.

Halafu mtafute mwenzako wa kituo cha jirani, na mwingine, msiwe wapweke. Chama cha manesi tunacho, chama cha kisukari nacho tunacho tangu 1985. Wakati wa mikutano yao msikae nyuma mkisubiri chai, ombeni dakika kumi za kuonyesha daftari. Tarehe 14 Novemba kila mwaka ndo Siku ya Kisukari Duniani, siku aliyozaliwa Banting, mmoja wa waliogundua insulini, na 2020 kauli ya siku hiyo ilikuwa nesi na kisukari. Mwaka mzima dunia ilisema nesi nesi nesi, sisi tukapewa fulana.

Nakuambia haya kwa uchungu kwa sababu na mimi kuna mguu wa mgonjwa mmoja usionitoka kichwani. Dereva wa daladala, mtu wa utani sana, alikuwa anakuja kliniki kwetu kila mwezi. Mimi ndo nilikuwa nimemzoea. Nikahamishwa wodi, nikarudi baada ya miezi mitano, siku ile foleni imefika mpaka getini, akakaa mbele yangu amevaa raba, nikampima sukari, presha, uzito, tukacheka, nikamwambia mwezi ujao. Sikumvua raba. Wiki tatu baadaye nikamkuta wodini, jiwe dogo lilikuwa ndani ya raba ile siku nyingi, hakulisikia kwa ile ganzi, kidole kikawa cheusi, wakakata chini ya goti. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndo linaniuma. Ile miezi mitano nani aliangalia mguu wake? Niliuliza, nikafungua faili, hakuna aliyeandika.

SWALI: Sista na wewe kila siku Ulaya Ulaya. Wale wana hela, wana mashine, kifaa cha kupima sukari kinabandikwa mkononi kinasoma kwenye simu. Sisi stripu tu za kupimia sukari zinatushinda. Unatulinganisha ili iweje?
*Asiyependa Kulinganishwa, Tabata*

JIBU: Nimekuelewa na umenikamata kidogo. Hela wanazo kweli, 2021 Ulaya ilitumia karibu dola bilioni 189 kwa kisukari. Lakini mwaka huohuo walikuwa na watu wazima wapatao milioni 61 wenye sukari na zaidi ya theluthi yao hawajui kama wanayo. Na England peke yake kila wiki wanakatwa miguu na vidole zaidi ya watu 100 kwa sababu ya sukari. Na mashine zote hizo. Kwa hiyo mashine ingekuwa dawa wangekuwa wameshamaliza.

Kwetu ndo tunaenda kasi ya kutisha. Miaka ya 1980 walipima vijiji vyetu wakakuta wenye sukari hawafiki hata mmoja katika watu mia. Utafiti wa taifa wa 2012 ukakuta tisa katika mia kwa watu wazima. Mmoja vijijini mwingine nchi nzima, sio mizani ileile kabisa, ila hata ukipunguza bado ni balaa, na Afrika zaidi ya nusu ya wenye nayo hawajapimwa.

Na kwenye stripu sikupingi. Shirika la Afya Duniani 2022 liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 wagonjwa wa aina ya kwanza wote, mia kwa mia, wapate insulini na vifaa vya kujipima kwa bei wanayoimudu. Nchi zilikubali. Hiyo unaweza kuishika mkononi ukaenda nayo kwa diwani wako ukamuuliza, hujalinganishwa na Mzungu hapo, umelinganishwa na ahadi.

Ila ngoja nikupe kitu cha Ulaya cha bure kabisa. Hospitali ya Ipswich, Uingereza, walibuni kupima ganzi ya miguu bila kifaa chochote, kidole tu. Mtu anafumba macho, unamgusa ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kidole cha mwisho cha mguu huohuo, halafu mguu wa kushoto gumba na cha mwisho, halafu vidole vya kati vya miguu yote miwili, kulia kisha kushoto. Vidole sita. Unagusa taratibu sekunde moja au mbili, usibonyeze, usipapase, usirudie, na yeye akisikia anasema kulia au kushoto. Asiposikia viwili au zaidi kati ya hivyo sita, miguu yake ina ganzi, aende akaangaliwe na asitembee peku hata ndani kwake. Mkeo anaweza kukupima leo jioni kabla ya taarifa ya habari. Hiyo nayo uniambie inahitaji bajeti.

SWALI: Habari Sista, mama yangu ana miaka 67, anachoma insulini asubuhi na jioni, kaka amemwalika Rotterdam miezi mitatu. Tuna hofu na dawa na ndege.
*Binti wa Kwanza, Kigamboni*

JIBU: Mwacheni aende akaone wajukuu. Insulini isiingie kwenye sanduku la chini ya ndege, kule inaweza kuganda na ikiganda imekwisha, ikae mkobani kwake pamoja na sindano, mashine, stripu na pipi za kutosha. Abebe mara mbili ya anachohitaji. Daktari wake amwandikie barua ya Kiingereza yenye jina halisi la insulini na dozi, sio jina la dukani tu, maana majina ya maboksi yanabadilika kila nchi. Saa za kule ziko nyuma yetu moja wakati wa joto na mbili wakati wa baridi, ni tofauti ndogo, ila ratiba ya siku ya safari aipange na daktari kabla.

Uholanzi mashine zinasoma kama zetu, saba ni saba. Wakienda kutembea Ufaransa au sehemu kubwa ya Ujerumani asije akazimia akiona 126, wale wanatumia kipimo kingine, gawanya kwa 18 utapata hiyohiyo saba. Na bima ya viza lazima iwe ya euro 30,000 kwenda juu, lakini soma yale maandishi madogo kama inalipia ugonjwa aliokuwa nao tayari, nyingi zinaruka hapo. Kaka yako aongee mapema na daktari wa familia wa mtaani kwake, muulizeni hasa kuhusu nesi wa sukari anayefanya naye kazi, huyo ndo atakayewasaidia, kuliko kukimbilia hospitali kubwa.

SWALI: Mwanangu Sista, mimi mzee wa Buguruni. Nesi kliniki kasema kila nikija nivue viatu. Naona haya, soksi zangu zina matundu.
*Babu*

JIBU: Shikamoo babu. Vua. Sisi manesi tumeona mengi, soksi zako hazitatushtua. Na ukifika siku nesi asikuambie uvue, wewe vua tu, mwekee mguu mbele, muulize, "Leo huuangalii?"